Homa imeshuka, mgonjwa akafa: nani yuko hatarini zaidi dengue inapozuka?

Swali kutoka kwa msomaji wa Mbagala, Dar es Salaam:

"Shikamoo daktari. Mwaka 2019 dengue ilipoingia mtaani kwetu, nyumba ya jirani waliugua ndugu watatu. Wadogo wawili walipona nyumbani kwa Panadol na maji. Kaka yao mkubwa, mwenye kisukari, alikwenda duka la dawa akaambiwa ni malaria, akapewa dawa mseto, akachomwa sindano ya maumivu na kutundikiwa dripu mbili. Siku ya tano homa ikashuka, akaoga, akatoka kukaa barazani, tukamshukuru Mungu. Usiku akaanza kutapika na kulalamika tumbo. Alfajiri mikono yake ilikuwa ya baridi, na akafariki wakiwa njiani kwenda hospitali. Mimi naishi na mama yangu wa miaka 68 mwenye presha na kisukari, na mwanangu wa miaka 9 ana selimundu. Ni nani hasa hufa dengue inapozuka? Na kwa nini mtu afe baada ya homa kushuka?"

Jibu la daktari:

Marahaba dada yangu, na poleni sana. Naanza na swali lako la mwisho, kwa sababu familia nyingi hupoteza ndugu zao hapohapo. Kwa magonjwa mengi tuliyoyazoea, homa ikishuka tunajua mgonjwa anapona. Dengue haifuati kanuni hiyo. Siku ambayo jirani yenu alioga akatoka barazani ndiyo siku aliyotakiwa kuwa chini ya uangalizi kuliko siku zote zilizotangulia.

Ugonjwa wenyewe huenda hivi. Baada ya kuumwa na mbu mwenye virusi, zinapita siku 4 hadi 10 kabla ya homa kuanza. Homa hukaa siku 2 hadi 7, pamoja na kichwa kuuma, maumivu nyuma ya macho, viungo na misuli kuuma, pengine na vipele. Siku hizo mgonjwa anateseka, lakini si kawaida kufa. Kipindi cha hatari huja kati ya siku ya 3 na ya 7, joto linapoteremka chini ya nyuzi 38, na hudumu saa 24 hadi 48. Wagonjwa walio wengi hupita hapo salama na kuendelea kupona. Wachache, ndani ya saa hizohizo, mishipa yao midogo ya damu huanza kuvuja.

Ukikamua nazi, tui hupita kwenye kifumbu na machicha hubaki. Ndivyo inavyotokea mwilini: majimaji ya damu hupenya kwenye kuta za mishipa na kujikusanya kifuani na tumboni, na ndani ya mishipa hubaki damu nzito, yenye chembe nyekundu nyingi na maji machache. Moyo unapiga mbio lakini hauna cha kutosha cha kusukuma. Mwili nao hubana mishipa ya mikono na miguu ili damu iliyopo iende kwenye ubongo na moyo. Ndiyo sababu mikono ya jirani yenu ilikuwa ya baridi. Mgonjwa wa namna hiyo anaweza kuwa anazungumza vizuri, anamtambua kila mtu, anaomba maji, na hapohapo yumo ndani ya ile hali tunayoiita shoku. Ikiendelea, figo, ini na utumbo hukosa damu, kisha kunakuja kutokwa damu kusikozuilika. Watu wengi wanadhani dengue huua kwa kutoa damu tu. Mara nyingi kutoka damu kwingi ni matokeo ya shoku iliyoachwa muda mrefu.

Maumivu yale ya tumbo na kutapika usiku ule vilikuwa tahadhari ya mwisho. Dengue kali isiyotibiwa inaweza kuua hadi watu 20 katika kila 100 wanaoipata. Ikigunduliwa mapema na maji ya mwilini yakasimamiwa vizuri, hufa chini ya 1 katika 100. Hakuna dawa ya kuua virusi vyenyewe. Tofauti yote kati ya 20 na 1 inatokana na kuwahi, kufuatilia, na kupima maji anayopewa mgonjwa.

Sasa, nani yuko hatarini zaidi? Wa kwanza ni mtu anayeambukizwa mara ya pili. Virusi vya dengue viko aina 4. Ukipata aina moja, unapata kinga ya kudumu dhidi ya hiyo, na kinga ya muda mfupi tu dhidi ya zile tatu. Muda huo ukipita na ukaambukizwa aina nyingine, kingamwili za zamani zinaweza kuvishika virusi vipya bila kuvimaliza, zikavirahisishia kuingia ndani ya seli. Ugonjwa wa mara ya pili ukawa mkali kuliko wa kwanza.

Jambo hili lilionekana wazi Cuba kuliko mahali pengine popote. Mwaka 1977 kisiwa kile kilipata mlipuko wa aina ya 1, na watu wengi waliugua kwa wepesi. Miaka minne baadaye, 1981, ikaja aina ya 2: wagonjwa 344,203, vifo 158, na 101 kati ya waliokufa walikuwa watoto. Mwaka 1997 aina ya 2 ilirudi katika mji wa Santiago de Cuba. Safari hii wote 12 waliofariki walikuwa watu wazima, kwa sababu waliozaliwa baada ya mlipuko wa kwanza hawakuwa na kingamwili za zamani za kuwaponza. Miaka 20 ilikuwa imepita tangu ambukizo la kwanza na hatari bado ilikuwepo.

Kwetu hili si jambo la mbali. Mwaka 2014 Dar es Salaam ilikumbwa na aina ya 2, na mwaka 2019 ikapatikana aina ya 1. Mtu aliyeugua 2014 akasema "mimi nilishaipata, hainipati tena" amejipa matumaini ambayo hayapo. Isitoshe, wengi huambukizwa bila kuumwa kabisa, kwa hiyo hata wewe unayedhani hujawahi kuipata huenda ulishaipata. Mombasa na Malindi ni vivyo hivyo: Malindi ilipata mlipuko tangu 1982, na Mombasa imeupata zaidi ya mara moja tangu 2013.

Wa pili ni mtu ambaye mwili wake ulikuwa tayari na mzigo, na hapa naingia nyumbani kwako. Shirika la Afya Duniani linataka watu wa kundi hili walazwe au waangaliwe hospitalini kila siku hata kama hawana dalili yoyote ya hatari: wachanga, wazee, wajawazito, wanene kupita kiasi, wenye kisukari, presha, moyo au figo zilizochoka, na wenye maradhi ya damu kama selimundu. Linaongeza pia mtu anayeishi peke yake au mbali na hospitali, na mimi nalitilia mkazo hilo, kwa sababu mgonjwa anayeanguka saa 9 usiku bila mtu wa kumwona hana tofauti na asiye na tiba.

Mama yako. Kisukari hudhoofisha kuta za mishipa ya damu, na mishipa hiyo ndiyo dengue inayoishambulia. Homa hupandisha sukari, sukari ikipanda mtu hukojoa sana na kupoteza maji, na baada ya hapo akipita kwenye kipindi cha kuvuja anaingia akiwa tayari mkavu. Pimeni sukari mara nyingi kuliko kawaida. Kama anatumia insulini asiiache kwa kuwa "hajala", bali aonwe siku hiyohiyo apangiwe upya. Kama anatumia metformin na anatapika, asiendelee kuimeza kabla hajaonana na daktari. Hali kadhalika zile dawa za presha zinazokojosha.

Presha yake nayo ina mtego ambao hata sisi wa hospitalini unaweza kutupita. Chukulia mtu ambaye kila siku ana 160 kwa 95. Siku ya 5 ya homa anapimwa, inasomeka 120 kwa 80, na mpimaji anaandika kwamba iko sawa. Kwa mtu yule presha imeporomoka. Tazama pia tofauti kati ya namba ya juu na ya chini. Ikisomeka 110 kwa 90, tofauti ni 20 tu, na tofauti ya 20 au pungufu ni ishara ya shoku hata kama namba ya juu inaonekana nzuri. Baadhi ya dawa za presha na moyo, kama atenolol na propranolol, huzuia moyo kwenda mbio, hivyo ile alama ya mapigo kuongezeka haitaonekana kwake. Mkienda hospitali bebeni dawa zake zote na karatasi yenye presha zake za kawaida, na mseme kwa sauti: "Mama huwa na 160." Kama anameza aspirini ndogo kwa ajili ya moyo, msiiache wala msiendelee nayo kwa uamuzi wenu, hilo liamuliwe na daktari siku ya kwanza ya homa.

Mwanao. Kwa mtoto mwenye selimundu, homa ya nyuzi 38.5 na kuendelea ni safari ya hospitali siku hiyohiyo, mlipuko uwepo usiwepo. Wengu wake haufanyi kazi ya kumlinda ipasavyo, na bakteria wakiingia kwenye damu wanaweza kumuua ndani ya siku moja. Mtaa mzima ukiwa na dengue, kishawishi ni kusema naye ni dengue, tungoje. Msingoje. Dengue yenyewe nayo humkausha, na damu ikikauka na kuwa nzito chembe zake hujikunja na kuziba mishipa, maumivu na upungufu wa damu vikaja pamoja.

Hapa kuna jambo moja naomba ulishike sana. Uvujaji wa dengue tunautambua kwa kipimo cha hematokriti, kinachoonyesha chembe nyekundu zimechukua asilimia ngapi ya damu. Ikipanda kwa sehemu ya tano kutoka kiwango chake cha kawaida, tunajua majimaji yanavuja. Mtoto asiye na selimundu anaweza kuwa na 36 akapanda hadi 44, na kila mtu akashtuka. Mtoto wako pengine kawaida yake ni 24. Akifika 30 amepanda kwa robo nzima, anavuja, lakini asiyejua kawaida yake ataiona 30 na kusema huyu ana upungufu wa damu, aongezewe. Bila namba ya kawaida, kipimo hiki kwa mwanao kinapotosha.

Pili, dawa za maumivu. Watoto wa selimundu wengi wamezoea ibuprofen au diclofenac mifupa ikiuma. Wakati wa dengue hizo hazifai kabisa, kwa sababu huongeza kutoka damu na huumiza tumbo na figo. Kama anatumia hydroxyurea, mjulishe daktari, maana dawa hiyo nayo hupunguza chembe za damu, na majibu ya maabara yatahitaji kusomwa kwa kuzingatia hilo.

Kwa wengine nitapita haraka. Mchanga wa miezi 6 hadi 12 aliyezaliwa na mama aliyewahi kuugua yumo hatarini, kwa kuwa kingamwili alizorithi zimeshapungua kiasi cha kutomlinda lakini bado zipo za kutosha kumdhuru. Mjamzito hatari yake kubwa ni kutokwa damu wakati wa kujifungua, na ujauzito wenyewe huongeza mapigo ya moyo na kushusha hematokriti, kwa hiyo dalili hujificha. Wenye figo mbovu au moyo uliochoka wako kwenye njia nyembamba: maji machache yanawaua, maji mengi yanawaua.

Hayo ni ya mwilini. Nimeona niyaseme kwanza kwa sababu umeyauliza, lakini ukinibana niseme ni nini kinachoua zaidi katika mlipuko, nitataja yale tunayoyafanya wenyewe.

La kwanza ni jina linalopewa homa. Kwetu homa ni malaria mpaka ithibitishwe vinginevyo, na mara nyingi haithibitishwi. Utafiti mmoja wa hospitali mbili za Moshi uliochapishwa 2013 ulifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Zaidi ya 500 waliandikiwa malaria. Waliokuwa nayo kweli walikuwa 14. Wengine walikuwa na bakteria kwenye damu, homa za kutoka kwa wanyama, chikungunya, na mengineyo. Jirani yenu alipewa dawa mseto. Dawa hiyo haikumdhuru kwa namna yoyote kubwa, ila ilimpa familia jibu, na walipopata jibu wakaacha kuuliza.

Mlipuko ukishatangazwa kosa hugeuka upande wa pili: kila homa inakuwa dengue. Watu wakishasikia "dengue haina dawa" wanaamua hakuna haja ya kwenda popote. Ujumbe huo, ulivyosambaa mitaani, umefanya madhara makubwa, na sisi wahudumu wa afya tunaurudia bila kumalizia sentensi. Haina dawa ya kuua virusi, lakini ina tiba ya kumzuia mgonjwa asife. Tena, huyo aliyebaki nyumbani huenda ana malaria kali, ambayo ina dawa na inaua upesi. Huenda ana nimonia. Huenda ana homa ya mgunda, ile iliyozuka Ruangwa mkoani Lindi Julai 2022 ikawapata watu 20 na kuua 3. Mwanzoni nayo ni homa, kichwa na misuli kuuma, na inatibika kwa antibiotiki ikiwahiwa. Kwa hiyo wakati wa mlipuko kipimo cha malaria kifanyike vilevile, na kikiwa hasi msirudi nyumbani na dawa ya malaria. Kipimo cha dengue cha siku za mwanzo kikiwa hasi pia msikiamini kwa asilimia mia. Mgonjwa akiwa na dalili za hatari atibiwe kama anayo.

La pili ni ile sindano ya maumivu. Katika maduka mengi ya mitaani sindano hiyo ni diclofenac, na mtu huiomba mwenyewe kwa kuwa mwili unauma kweli. Aspirini, ibuprofen, diclofenac na jamaa zake zote ziwekwe kando mpaka dengue itakapoondolewa shaka. Zaidi ya hayo, sindano yoyote ya msuli kwa mtu ambaye chembe za kugandisha damu zimeshuka inaweza kuacha bonge la damu ndani ya nyama.

La tatu ni dripu, na hapa nina uchungu. Dripu ni dawa yenye dozi, muda na madhara, kama dawa nyingine yoyote. Mgonjwa wa siku ya 2 au ya 3 anayeweza kunywa haihitaji. Akitundikiwa chupa mbili tatu ili "apate nguvu", maji hayo ndiyo yatakayovuja kwenda kifuani kipindi cha hatari kikifika. Na yule aliyevuka kipindi hicho, majimaji yaliyovuja huanza kurudi yenyewe ndani ya mishipa kwa siku 2 au 3. Dripu ikiendelea wakati huo, mapafu hujaa maji na mgonjwa anakufa kwa kukosa pumzi akiwa ameshapona dengue. Anayeihitaji kweli anaihitaji hospitalini: dripu ya maji ya chumvi iliyo sahihi, kipimo kwa uzito wake kwa kila saa, presha ikipimwa na mkojo ukiangaliwa, kisha kupunguzwa hatua kwa hatua. Maji ya glukosi ya asilimia 5, ambayo watu huyapenda kwa jina la dripu ya nguvu, hayakai ndani ya mishipa na hayafai kwa kazi hii. Sikumwona jirani yenu, kwa hiyo sitasema dripu zile ndizo zilizomuua. Nasema tu kwamba hazikumsaidia, na zilimpa kila mtu imani kwamba ametibiwa.

Nigusie na chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Mtu mwenye afya ana 150,000 hadi 450,000. Kwa dengue zinaweza kushuka hadi 20,000, na familia nzima inabaki ikiuliza namba hiyo asubuhi na jioni, wanatafutwa wachangia damu, anatwangiwa majani ya mpapai. Utafiti uliofanywa Singapore na Malaysia na kuchapishwa 2017 uliwaongezea chembe sahani nusu ya wagonjwa wazima waliokuwa chini ya 20,000 wasiotokwa damu. Kutokwa damu hakukupungua kuliko kwa wale wasioongezewa. Chembe hizo hupanda zenyewe ugonjwa ukiisha. Juisi ya mpapai haijathibitika kuokoa maisha ya mgonjwa hata mmoja wa dengue kali, na ni chungu, humtapisha mtu ambaye tunahangaika anywe maji yabaki tumboni. Mwulize daktari hematokriti ikoje, presha ikoje, mkojo ukoje. Hayo ndiyo yanayoamua.

Na kuna kuchelewa. Bangladesh mwaka 2023 ilipata wagonjwa waliolazwa 321,179 na vifo 1,705, mlipuko mbaya kuliko yote iliyowahi kuupata. Wanaume ndio waliougua zaidi, lakini wanawake ndio waliokufa zaidi. Mimi nasoma hapo kitu tunachokijua hata huku: mama anapika akiwa na homa, ananyonyesha akiwa na homa, anasubiri baba watoto arudi na nauli, na anafika hospitali siku ambayo mwanaume angekuwa amefika siku 2 kabla. Sisi mwaka huo wa 2019 tulithibitisha wagonjwa zaidi ya 6,000 nchini na vifo vilivyotangazwa havikufika 20. Lakini mtu aliyefia njiani bila kupimwa, huku kadi yake imeandikwa malaria, hayumo katika hesabu hiyo. Familia ya jirani yenu inalijua hilo.

Sasa kwako, homa ikiingia nyumbani. Chukua daftari, andika siku ya kwanza ya homa, usikadirie baadaye. Kila siku andika joto asubuhi na jioni, alichokunywa kwa glasi, na saa alizokojoa. Kwa mtu mzima glasi 5 kubwa ndio kiwango cha chini, na zisiwe za maji matupu: ORS, uji mwepesi, supu, madafu. Mama apewe ORS na supu badala ya juisi na soda kwa sababu ya sukari, na kama figo zake zina shida madafu yaepukwe, yana potasiamu nyingi. Kwa homa ni paracetamol peke yake, kidonge cha 500 kimoja au viwili kwa mtu mzima, kwa nafasi ya saa 6, visizidi 6 kwa siku. Mtoto kwa uzito wake. Homa isiposhuka kabisa msiongeze, kwa sababu paracetamol iliyozidi huharibu ini ambalo dengue tayari imelichokoza.

Kuanzia siku ya 3, mkague kila baada ya saa chache, hata usiku, na zaidi ya yote homa ikishuka. Minya ukucha wa kidole mpaka uwe mweupe, uachie: wekundu urudi kabla hujamaliza kuhesabu sekunde 2. Shika vidole vya miguu uone kama ni vya moto au baridi. Mwulize tumbo. Akitapika mara kwa mara, tumbo likiuma mfululizo, fizi au pua zikitoa damu, choo kikiwa cheusi, akilegea sana au akihangaika bila kutulia, akipitisha saa 6 bila kukojoa, akipumua kwa shida, akipata kizunguzungu akisimama, hapo ni hospitali yenye maabara na vitanda, wala si duka la dawa. Usingoje asubuhi. Mama na mtoto wewe hungoji hata dalili hizo: siku ya kwanza ya homa wanaonwa, na wanaangaliwa kila siku mpaka wapitishe siku 2 kamili bila homa.

Mgonjwa alale ndani ya chandarua mchana pia, kwani mbu huyu huuma mchana, na akimuuma mgonjwa siku za homa ndiye atakayempelekea mwingine wa nyumba ileile. Ndoo na mapipa yafunikwe na kusuguliwa ndani kila wiki, maana mayai hung'ang'ania kwenye kuta. Kumwaga maji peke yake hakuyaondoi.

Kuna kazi moja ya kufanya sasa, kabla ya mvua. Kliniki ijayo ya mtoto, mwombe daktari aandike kwenye jalada la mbele la kadi hemoglobini na hematokriti yake ya siku ambayo haumwi. Kwenye daftari la mama andika presha yake ya asubuhi kwa wiki moja na orodha ya dawa zake. Viweke vyote viwili pamoja na kadi za bima, na kila mtu mzima hapo nyumbani ajue vilipo.